Tiara mlangoni mwa Sabaki: upepo wanaujua, maji hawayajui

Upepo wa kusi ukishika, anga ya ufuoni kuanzia Mambrui hadi Galu hubadilika. Tiara kubwa za rangi, nyingine pana kuliko tanga la ngalawa, huruka kutwa nzima, na chini ya kila moja kuna mtu aliyesimama juu ya ubao akikata mawimbi kwa kasi ambayo boti nyingi za wavuvi wetu haziiwezi. Vijana wa ufuoni wanauita mchezo huu kaiti, nami nitauita hivyo hivyo.

Niseme mapema kwamba simo katika wale wanaotaka kaiti ipigwe marufuku. Nawasikia kila msimu. Wako wanaolalamikia nyavu zinazokanyagwa, wako wanaolalamikia mavazi, na kila mmoja ana haki yake ya kusema. Lakini najua pia nyumba ambazo karo ya watoto na unga wa mwezi unatoka kwenye mchezo huo. Kuna vijana wetu walioanza kwa kuwashikia wageni tiara mchangani kwa mia mbili mia tatu, leo ni walimu kamili wanaofundisha kwa Kiitaliano na Kijerumani. Na mchezo wenyewe si wa kupita tena. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Paris ya mwaka 2024, mbio zikafanyika Marseille.

Linalonishughulisha mimi ni maji, na hasa maji yanayokwenda. Kila mwaka tiara zinasogea karibu zaidi na mlango wa mto Sabaki, na zinaingia kwenye mahori yetu, Mida, Kilifi, Mtwapa, kwa sababu humo maji ni laini, mawimbi ni madogo na picha hutoka nzuri. Uso wa maji ukiwa laini mgeni hudhani ni salama. Sisi tuliolelewa huku tunajua kwamba maji laini mlangoni mwa hori mara nyingi ni maji yanayokimbia.

Tatizo linaanzia kwenye mafunzo. Walimu na wachezaji wengi wanaokuja kwetu wamejifunzia Mediterania au Bahari ya Shamu, ambako maji hupanda na kushuka kidogo tu, mahali pengine hata goti halifiki. Mtu anaweza kuwa na cheti cha kimataifa, amecheza miaka kumi, na bado hajawahi kuona bahari ikiondoka. Kwetu, siku za bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita 3. Maji yote hayo yaliyoingia Mida au Kilifi lazima yatoke kwa mlango uleule mwembamba, tena kwa muda wa saa sita.

Wala hayatoki kwa mwendo mmoja. Manahodha wana hesabu ya zamani, na vitabu vya ubaharia vinaikubali: ukiyagawa maji yote yanayotoka mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linatoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Mgeni akiingia hori saa ya kwanza ya maji kupwa ataona mkondo mdogo usio na shida. Baada ya saa mbili yuko mahali pengine kabisa, naye anadhani ni palepale.

Hapa ndipo Waislamu wa pwani tuna hazina tunayoikalia bila kuitumia. Kalenda yetu ni kalenda ya maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokamilika, na kukaza zaidi siku moja au mbili baadaye, yaani tarehe 2 na 3 na tarehe 16 na 17 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu huja kati ya hizo, karibu na tarehe 8 na 23. Anayejua leo ni mwezi ngapi anajua mkondo utakuwaje kabla hajafungua simu. (Na hata tukigombana kuhusu mwandamo, maji hayasubiri tangazo la Kadhi Mkuu.)

Saa nazo zinajulikana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne hivi na kupwa saa kumi. Mtu wa kaiti aliyekuja likizo ya wiki mbili atapitia yote mawili, na aliyozoea wiki ya kwanza yatamdanganya wiki ya pili.

Sasa tuiweke hesabu hiyo juu ya upepo. Upepo mzuri wa kaiti ni wa mchana, hasa kuanzia saa nane. Siku ya bamvua, alasiri yote maji yanajaa, yanasukuma kuingia ndani ya hori, na aliyeanguka husukumwa kuelekea nchi kavu. Mambo ni mazuri, watu wanacheka. Saa kumi na moja maji yanasimama. Kisha yanaanza kutoka. Saa ya tatu na ya nne ya kutoka, zile zenye mkondo mkali kabisa, zinaanza karibu na adhana ya Maghribi. Wakati huohuo upepo mara nyingi unalegea na giza linaingia, maana kwetu machweo hayachukui muda. Na ndio wakati ambapo mtu aliyelipa tiketi ya ndege kutoka Ulaya anataka mzunguko mmoja wa mwisho, apigwe picha na jua linalozama. Tiara ikianguka saa hiyo katikati ya mlango wa hori, hakuna upepo wa kuiinua tena na maji yanampeleka nje.

Sabaki ina shida yake ya ziada. Mahori hutegemea bahari tu, lakini Sabaki ni mto unaokuja kutoka mbali. Unaanza huko bara ukiitwa Athi, unapita pembeni mwa Nairobi na Machakos, unakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, ndipo unafika kwetu kaskazini mwa Malindi ukiwa Sabaki. Mvua ikinyesha Ukambani, Malindi jua linaweza kuwa linawaka na watu wamelala mchangani, na baada ya siku chache mto unafura. Unakuja mwekundu, umebeba matope, magogo na matawi yenye miiba. Wakazi wa Sabaki huangalia rangi. Mgeni huangalia mbingu, anaona hakuna wingu, anapuliza tiara yake.

Mto ukifura, maji ya mto hujumlishwa na maji ya bahari yanayopwa. Kutoka kunakuwa kurefu na kukali, kuingia kunakuwa kufupi. Pale mlangoni, mkondo unaotoka hukutana na mawimbi yanayosukumwa na upepo kutoka baharini, na mawimbi huwa mafupi, yamesimama kama ukuta, hayana mpangilio. Fungu la mchanga nalo huhama kila mafuriko, kwa hiyo ramani ya mwaka jana haikusaidii. Na sijataja viboko na mamba, ambao kwa watu wa Sabaki si hadithi za kutishia watoto.

Wapenzi wa kaiti hupenda kuutolea mfano mto Columbia, kule Hood River katika jimbo la Oregon, Marekani. Ni moja ya sehemu mashuhuri zaidi duniani kwa michezo ya upepo, na uko ndani ya mto mkubwa wenye mkondo. Basi, husema, mbona Wamarekani wanacheza mtoni? Mfano ni mzuri, ila unafundisha kinyume cha wanachodhani.

Kule majira ya joto upepo unatoka magharibi, unapanda juu ya mto. Maji yanatoka mashariki, yanashuka kwenda Pasifiki. Upepo unamsukuma mchezaji juu, mkondo unamrudisha chini, na viwili hivyo vinakaribia kulingana. Ndiyo siri ya mahali pale. Faida nyingine ni kwamba unaposimama kwenye maji yanayoufuata upepo usoni, tiara huhisi upepo mkali zaidi. Upepo wa kilomita 35 kwa saa na mkondo wa kilomita 5 unaokwenda kinyume chake, tiara inapata kilomita 40. Na kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili, mvuto wa tiara unaongezeka kwa karibu theluthi. Mkondo ukigeuka na kwenda sawa na upepo, tiara inabakiwa na kilomita 30, na mvuto unapungua zaidi ya robo. Upepo haukubadilika, maji ndiyo yaliyobadilika. Anayechagua ukubwa wa tiara kwa kuangalia upepo peke yake amesoma nusu ya hesabu.

Lakini Columbia ina kingo mbili. Upepo ukikata, mkondo utakuteremsha, utaogelea mshazari, utafika ukingoni na kutafuta gari la kukurudisha. Hata hivyo hawauchezei: masika theluji ya milimani inapoyeyuka na mkondo kukaza, wenyeji wanawaonya wageni, na meli za mizigo hupishwa njia bila mjadala. Sabaki siku ya kusi, maji yakitoka, inakupa raha ileile. Mkondo unakuelekeza upande wa upepo, tiara inavuta vizuri, hata mchezaji wa kiwango cha chini anajiona bingwa kwa sababu anapanda upande wa goshini bila jasho. Tofauti ni kwamba pale mkondo unakotaka kukufikisha hakuna ukingo. Kuna fungu la mchanga, mawimbi yanayovunjika, kisha bahari kuu.

Nimezungumza na manahodha na na vijana wanaofundisha kaiti, na kuna mambo ambayo wote wanakubaliana, ingawa hawajawahi kuketi meza moja.

La kwanza ni kupima maji kabla ya kupuliza tiara. Tazama boti zilizotia nanga. Boti huelekeza omo kule upepo unakotoka. Ukiiona imeupa upepo mgongo au ubavu, jua mkondo umeushinda upepo, na hapo si mahali pa mwanafunzi. Kipimo kingine ni kifuu cha nazi au kijiti. Kitupe majini, tembea nacho sambamba ufuoni ukihesabu. Kikienda mita 10 kwa sekunde 10, mkondo ni zaidi kidogo ya kilomita 3.5 kwa saa. Mtu mzima anayeogelea vizuri hawezi kushindana na mkondo huo kwa muda mrefu, sembuse aliyechoka na aliyefungwa mshipi kiunoni.

La pili ndilo linaloua, kwa hiyo nitalieleza polepole. Mchezaji wa kaiti amefungwa na tiara yake kwa kamba za mita ishirini na kitu. Vifaa vya siku hizi vina vifyatuo viwili. Cha kwanza ukikisukuma, tiara inapoteza nguvu lakini inabaki imeshikwa na kamba moja ya usalama. Baharini kwenye maji yaliyotulia, hiyo inatosha. Unakunja kamba, unaifikia tiara, unaikalia kama boya, kwa sababu mrija wake wa mbele umejaa hewa. Hayo ndiyo maarifa ya ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioyaandikisha mwaka 1984. Lakini ndani ya mkondo, tiara au kamba ikinasa kwenye mkoko, kwenye nguzo ya uzio wa samaki au kwenye kamba ya nanga ya boti, wewe unakuwa umefungwa katikati ya maji yanayokimbia. Maji yanakukandamiza, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozama. Hapo lazima ufyatue na cha pili, uiachilie tiara yote iende. Tiara ni pesa nyingi, na vijana wanaotumia ya kuazima huogopa kuipoteza kuliko wanavyoogopa maji. Mwalimu anayemtuma kijana majini na tiara ya shule amwambie mbele ya watu, waziwazi, kwamba hatalipishwa akiiachilia. Na kila mmoja awe na kisu kidogo cha kukatia kamba mahali mkono unapofika.

Ubao nao usifungwe mguuni wala kiunoni mahali penye mkondo. Uende. Aliyebaki bila kitu asishindane na maji. Aukate mkondo mshazari kuelekea maji yaliyotulia, na kama kuna magogo au miamba alale chali atangulize miguu. Wavuvi wetu wanalijua hili tangu utoto, lakini nimewaona wageni wenye nguvu za simba wakipiga mbizi kinyume cha maji hadi wakaishiwa pumzi, na ufuo uko hatua mia upande wa pili.

Nikizungumza haya hukutana na jibu letu la siku zote, kwamba ajali haina kinga na kila mtu na siku yake. Naamini kadari kama Mwislamu yeyote. Lakini Mtume (SAW) alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Hapa Pwani tunategemea huku ngamia hana hata kamba.

Nani anapaswa kuileta hiyo kamba? Ukienda serikalini utaonyeshwa milango mingi. Biashara za utalii husajiliwa na mamlaka ya utalii. Vyombo vya majini viko chini ya Mamlaka ya Bahari, KMA. Mida na sehemu ya Malindi ni hifadhi za baharini chini ya KWS. Ufuo wa wavuvi una BMU. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 na kuzinduliwa Liwatoni, kina jukumu la kutafuta na kuokoa watu. Lakini kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na mtu aliye ndani ya mkondo huhesabu dakika. Kwa hiyo anayeokoa ni mvuvi aliye karibu. Anaacha mshipi wake, anawasha mashine, anakwenda.

Na petroli anayochoma ni ya nani? Hili swali dogo ndilo linaloeleza hali nzima. Mvuvi akimtoa mgeni majini hupewa asante, pengine elfu moja, pengine picha. Mafuta yake yamekwisha, siku yake ya uvuvi imekwisha. Mara ya pili atafikiria kabla ya kwenda, nami simlaumu. Shule ya kaiti inayotoza mwanafunzi mmoja kwa siku kiasi ambacho mvuvi hakipati kwa wiki nzima haishindwi kuweka fungu kwa BMU kabla ya msimu kuanza, petroli ikiwa imeshalipiwa na boti moja imetajwa jina, na nahodha wake ana simu yenye chaji kila alasiri ya bamvua.

Jambo jingine ambalo kaunti ya Kilifi inaweza kulifanya bila kusubiri Nairobi ni kutoruhusu shule yoyote kufundisha mlangoni mwa Sabaki au ndani ya mahori bila mtu wa maji wa eneo hilo aliyeajiriwa kwa mkataba, mwenye mamlaka ya kusema leo hapana, na neno lake likawa la mwisho. Si msaidizi wa kubeba tiara. Shule moja, ambayo sitaitaja, ina vijana watatu wa hapa wanaoyajua maji kama chumba cha mama yao, na hakuna hata mmoja anayeulizwa lolote kabla wanafunzi hawajaingia majini. Huulizwa baadaye, mtu akishapotea machoni.

Ratiba ya maji kujaa na kupwa huchapishwa na Mamlaka ya Bandari, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo wa baharini unapokaza. Karatasi hizo zinaweza kubandikwa kwenye ubao mmoja kila ufuo, kando yake tarehe ya Kiislamu, na mstari mmoja wa mkono wa mwenyeji kuhusu rangi ya Sabaki asubuhi hiyo. Iandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano. Gharama yake ni chaki na mtu wa kuamka mapema, na watu wa kuamka mapema tunao. Wakitoka msikitini Alfajiri hupita ufuoni kutazama maji kabla ya kwenda chai.